Kiti cha Kulia

Kabla hujaniambia dada yangu alikuwa na usingizi, jua lilikuwa limeshapanda na chai alishakunywa vikombe viwili. Dada ni rubani. Si mtu wa kuweweseka.

Asubuhi hiyo aliikuta ndege yake ndogo imeshajazwa mafuta na abiria tisa wameshaketi, mmoja wao akinyonyesha. Msaidizi wake alikuwa nyumbani, hoi kwa homa. Sheria ya kazi yao haina kona: ukibeba abiria mnakuwa marubani wawili, isipokuwa kama mtambo unaoifanya ndege ijiongoze yenyewe ni mzima. Na mtambo ulikuwa umekufa tangu juzi.

"Utaruka peke yako," bosi alimwambia. "Nimeweka koti kwenye kiti cha kulia. Wakaguzi wakichungulia wataona mko wawili."

Dada alilijua koti lile. Lilikuwa la kapteni aliyemfundisha kazi, ambaye bosi huyohuyo alimrusha peke yake mwaka jana. Kapteni hakurudi. Koti lake lilibaki limetundikwa ofisini.

Dada alipanda ndegeni shingo upande. Akavaa hedifoni, akaanza kusoma orodha ya ukaguzi kwa sauti kwa mazoea tu, maana kwao mmoja husoma na mwenzake hujibu.

"Mafuta."

"Tayari," sauti ikajibu masikioni mwake.

Akadhani ni bosi anamtania. Akatazama redio. Ilikuwa imezimwa.

"Mikanda," akasema, polepole.

"Tayari."

Akageuka. Mkanda wa kulia ulikuwa umefungwa juu ya koti. Koti lilikuwa limejaa, kama limevaliwa.

"Twende, mwanangu," sauti ikanong'ona. "Tuko wawili."

Dada aliogopa sana. Aliniambia hivyo bila aibu. Halafu hasira zikampanda, na hasira za dada yangu nazijua mimi.

"Shikamoo, kapteni," alisema. "Lakini hapana. Wewe umeshakufa. Huhesabiki."

Akazima kila kitu, akawashusha abiria wote. Mzee wa kiti cha mbele alishuka akinung'unika, akaangalia nyuma.

"Na yule mwenzako, mbona hashuki?"

Bosi alikuja mbio, mate yanamtoka. "Umefukuzwa! Unasikia? Umefukuzwa!"

"Nifukuze," dada akamjibu mbele ya watu wote. "Hawa leo watalala kwao."

Aliondoka na hedifoni yake tu. Sasa imetundikwa kwenye msumari jikoni kwa mama, waya wake unaning'inia, haujachomekwa popote. Juzi mama alikuwa anaosha vyombo, mara akaniita kwa sauti ya chini. Nikasogeza sikio kwenye hedifoni.

"Tayari?" iliuliza.

Dada alipita na sufuria yake mkononi, wala hakusimama.

"Bado," akaiambia. "Na kesho ukiuliza, bado."