Kikuku cha Mihayo

"Pumua, Mihayo. Jirani hakukutukana, ameuliza tu."

Sauti ilitoka kwenye kikuku cheusi kilichombana Mihayo mkononi. Ilikuwa ya kike, laini kama samli. Mihayo akavuta pumzi, ngumi ikalegea, na jirani akaenda zake salama.

Hicho kilikuwa kikuku-mlezi. Tangu ipitishwe Sheria ya Uangalizi, aliyehukumiwa kwa kupigana hakupelekwa tena gerezani. Alitumikia adhabu yake nyumbani, hapo hapo Tabora, huku kikuku kikimpima mapigo ya moyo na kumtuliza kabla hasira haijampanda.

Kalunde, mkewe, alipaswa kushukuru, lakini roho ilimuuma. Mume aliyezoea kumjibu kwa miguno sasa alijifungia bafuni akinong'ona na kikuku. Wakati mwingine alicheka.

"Unaongea nini na huyo mwanamke?"

"Mama Shija, hii ni mashine."

"Mashine! Mimi mkeo mara ya mwisho umenichekea lini?"

Mihayo akashusha mkono wa shati, akakifunika kikuku.

Sheria ilimpa mke naye nafasi ya kusema. Ijumaa usiku, Mihayo akiwa amelala, kikuku kiliuliza kwa upole: "Dada Kalunde, kuna linalokutia hofu humu ndani?"

Kumbe sauti hiyo ilijua kusema hata na yeye! Wivu ukamjibia: "Ametishia kunipiga."

Alidhani watakivua kikuku, basi, yaishe.

Kesho yake asubuhi alifika afisa uangalizi, Bi Theopista, na askari wawili. Kikuku kilivuliwa kweli. Kisha Mihayo akatiwa pingu. Kwa kutishia mtu akiwa chini ya uangalizi, kifungo chake kilichosalia angekimalizia gerezani.

"Jamani, nilidanganya!" Kalunde alipiga kelele. "Hajanitishia! Ni wivu tu!"

Bi Theopista akamshika bega. "Najua unaogopa, mwanangu. Mke akikana maneno yake, sheria inahesabu kwamba ametishwa."

Kalunde akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mtoto wake. Kila alivyozidi kuapa, ndivyo yule mama alivyozidi kumhurumia.

Mlangoni Mihayo aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira.

"Kikuku nilikuwa nakiuliza namna ya kuzungumza na wewe," alisema. "Ulikuwa ukinuna tu, naogopa. Nilikuwa najifunza."

Askari wakamwinamisha kichwa, wakamwingiza garini.