Siku Nne Mlimani

Tufani ilifuta safari zote za meli, na ukumbi wa bandari ya Kagoshima ukafurika watu na mizigo. Chizuru Hidaka alikuwa amejinyoosha kwenye benchi, koti lake la mvua limekaukiwa na matope, viatu vinanuka msitu. Mwanamume mwenye ovaroli ya karakana ya tramu akasimama mbele yake.

"Samahani, dada. Hilo begi nalo limekata tiketi?"

"Limechoka kuliko mimi," Chizuru akajibu, akaliteremsha.

Mwanamume akaketi. Aliitwa Takuma Sameshima, fundi wa tramu, alikuja kupokea mzigo uliokwama. Chizuru akamweleza kazi yake: huwafuata kima wa porini kisiwani Yakushima, akiandika kila dakika nani kakaa na nani, nani kamtoa nani chawa.

"Yaani unalipwa kwa umbea?"

"Tena kiduchu."

Chizuru akacheka, mara yake ya kwanza wiki hiyo.

Kwa miaka mitatu mapenzi yao yakawa ya kuvuka bahari, yeye kisiwani, Takuma Kagoshima. Kila Jumapili Takuma alipiga simu.

"Bibi Kima, umekula?"

"Tonge la wali."

"Na nani?"

"Na majike kumi na mmoja. Usione wivu."

Kisha, mwezi wa sita, jike mmoja alifiwa na mtoto, akawa anaibeba maiti yake popote aendapo. Chizuru alimfuata siku nne kwenye bonde lisilo na mtandao. Aliposhuka, simu ikatetemeka mfululizo. Takuma alikuwa amepiga mara kumi na saba. Baba yake Takuma alikuwa amefariki, na mwili ulikwisha kuchomwa.

Chizuru akavuka na meli ya kwanza. Takuma alimfungulia mlango akiwa bado na suti nyeusi, mabegani majivu ya volkano inayofuka ng'ambo ya mji.

"Ulikuwa wapi?"

"Mlimani. Kuna jike alifiwa..." Neno lilikwisha toka.

"Tulikuwa wawili tu, mimi na mama, kuokota mifupa ya baba majivuni kama ilivyo desturi. Nilikuwekea nafasi. Kumbe wewe ulikuwa matangani kwa kima."

"Sikujua, Takuma."

"Najua hukujua. Hilo ndilo linalonichosha. Hakuna siku utakayojua."

Miezi mitano ikapita bila simu. Chizuru alipanda mlima, akaandika, akashuka, akalala na soksi miguuni. Alijaza fomu ya kuomba kazi ya ofisini mjini, akashindwa kuituma.

Alasiri moja ya mwezi wa kumi na moja, kima wakiwa wamekumbatiana kwenye manyunyu, alisikia viatu vikiteleza nyuma yake. Alikuwa Takuma, amelowa hadi magotini.

"Kaa chini," Chizuru akanong'ona. "Usiwatazame machoni."

Akaketi. Akanong'ona naye:

"Yule aliyefiwa ni yupi?"

Chizuru akamwonyesha jike mwembamba aliyefumba macho huku mwenzake akimchambua manyoya.

"Alimwacha lini mtoto?"

"Siku ya nne. Alimlaza juu ya jiwe, akaondoka, akarudi. Mara tatu."

Takuma akainamisha kichwa. "Mama bado anamwekea baba chai kila asubuhi," akasema, na hapo ndipo alipolia. Chizuru akamwekea mkono shingoni.

"Nimejaza fomu ya kazi mjini," akamwambia baadaye. "Nikiacha huku, nitakuwa karibu."

"Utanichukia kabla ya mwaka kuisha."

"Labda."

"Basi usiache. Tuoane hivi hivi, na bahari yetu katikati."

"Nimechoka, Takuma."

"Na mimi pia. Sijakuuliza kama una nguvu."

Mvua ikazidi. Takuma akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Nikifa, utakuja?"

Chizuru angeweza kumdanganya. "Nikipata habari," akasema.

Takuma akacheka, cheko la mtu aliyechoka, kima wawili wakageuka kumwangalia. "Haya. Nitajitahidi nifie penye mtandao."

Chizuru akaitikia posa hiyo kwa kichwa. Kisha akafungua daftari, kwani kundi lilikuwa limeanza kuondoka.