Ua Lililochomwa Sindano

Kila asubuhi Don Fidencio Huerta alikula tortila, mikate myembamba ya mahindi, na maharage, akanywa kahawa isiyo na sukari huku amenuna. Kisha Otilia, mkewe, alimpa sindano yake ya insulini, dawa ya kisukari.

"Nenda kachome, mume wangu. Na usinikunjie uso."

Fidencio alitoka uani, akageuza mgongo, akaichoma sindano kwenye udongo wa chungu cha ua jekundu. Ua likanywa dawa. Yeye akarudi ndani akijisugua tumbo.

"Aa, leo imeuma kweli!" alisema, mwongo mkubwa.

Halafu alifungua saluni yake ya kinyozi mbele ya bustani ya mji. Pale dirishani aliona kila kitu. Zamani, mwanasaikolojia wa mji alikuwa na chumba cha peke yake ng'ambo ya bustani. Mwanasaikolojia ni mtaalamu anayewasaidia watu wenye hofu, huzuni na mawazo mazito. Mtu akiingia mlango ule tu, Fidencio alimwona, na kabla ya mchana mji mzima ulijua.

"Fulani akili zimeruka!" alitangaza, mkasi mkononi, na wateja wakacheka. Mwishowe hakuna aliyethubutu kuingia. Chumba kikafungwa.

Lakini mwaka huo mambo yalianza kumwendea kombo Fidencio mwenyewe. Macho yaliingia ukungu. Kidole cha mguu kilipata kidonda kisichopona. Siku moja wembe ukateleza kwenye sikio la Hilario, muuza mikate.

"Don Fidencio! Unaninyoa au unanichinja?"

"Umetikisika wewe."

"Nimetikisika baada ya kukatwa, mzee!"

Watu waliangua kicheko. Fidencio hakucheka. Kinyozi asiyeona atakula wapi? Aliogopa sana.

Otilia alipokiona kidonda, alimburuta hadi kituo cha afya. Daktari Arriaga, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimpima sukari akatikisa kichwa.

"Imepanda tena. Mimi naongeza dawa, nayo inapanda. Sindano inachomwa kila siku?"

"Kila siku, daktari."

Hapo Fidencio hakudanganya. Hakusema tu anayechomwa ni nani.

Daktari aliweka kalamu chini. "Leo siongezi. Kwanza zungumza na mwenzangu Nayeli, mwanasaikolojia wetu. Siku hizi tunafanya naye kazi humu humu."

Fidencio aliruka kitini. "Mimi? Nimeletwa kwa sukari, sikuletwa kwa wazimu!"

"Nani kataja wazimu? Ugonjwa huu uko kwenye damu, lakini na mawazo yana sehemu yake. Mimi nashughulika na damu. Yeye yuko chumba cha pili, baada ya kile cha chanjo. Hutoki hata nje."

Fidencio alichungulia ukumbini. Akina mama wa chanjo, wazee wa presha, wenye kikohozi, wote walikaa benchi moja. Hakuna aliyeweza kujua nani anamngoja nani. Alishusha pumzi, akaingia. Otilia alikwenda dirisha la dawa.

Nayeli alikuwa mwanamke kijana, hana haraka. "Don Fidencio, ukiishika ile sindano asubuhi, unawaza nini?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Alitaka kufanya mzaha, mzaha ukakataa kutoka.

"Mama yangu," alisema. "Alianza insulini wakati wa mvua. Miezi michache baadaye, sikukuu ya wafu ilipofika, hakuona hata mishumaa aliyoiwasha mwenyewe kwa marehemu wetu. Dawa ile ilimpofua, binti. Na mimi ni kinyozi..." Akatazama mikono yake. "Dawa yangu inanywewa na ua."

Nayeli hakumkaripia. "Na ua lenyewe halijambo?"

"Linastawi kunishinda mimi!"

Akacheka na kulia kwa pamoja. Nayeli alimwomba ruhusa, akamwita daktari, wakakaa watatu.

"Mama yako alianza dawa kwa kuchelewa," Daktari Arriaga alimweleza. "Sukari iliyaharibu macho yake miaka mingi, kimyakimya. Insulini ilikuta yameshaumia, ikasingiziwa. Kinachopofusha ni sukari iliyopanda. Na mimi nilikuwa nakupangia dozi ya ua! Siku ungejichoma yote, sukari ingeshuka ghafla, ukaanguka. Tunaanza upya, kidogo kidogo. Na macho yapimwe wiki hii."

"Hofu haiishi kwa kuambiwa tu," Nayeli aliongeza. "Njoo asubuhi, utajichoma mimi na muuguzi tukiwepo, mpaka uzoee."

Fidencio alihisi kifua chake chepesi. Uongo ule ulikuwa umemchosha kuliko ugonjwa.

Kumwambia Otilia kulikuwa kugumu zaidi. "Kumbe!" alifoka mkewe. "Na mimi nawaringia majirani kwamba nina mkono wa kupanda maua!" Alimpiga kofi la bega, kisha akamkumbatia.

Macho yalikutwa yameumia kidogo, na yakatibiwa. Siku za kwanza za kujichoma, Nayeli na muuguzi walikaa naye. Sukari ikashuka. Kidonda kikafunga. Ukungu ukapungua wiki baada ya wiki.

Asubuhi moja Hilario alikaa kwenye kiti cha saluni. "Umesikia? Nimemwona Chayo wa posta akiingia kwa yule mwanasaikolojia. Zimeruka, eh?"

Fidencio alisimamisha mkasi. Maneno hayo yalikuwa yake mwenyewe, na yalimtia aibu.

"Mimi pia naingia mle," alisema. "Kila Alhamisi. Kama si yeye, leo ningekuwa kipofu."

Hilario aliinamia viatu vyake. Kisha aliuliza kwa sauti ndogo, "Anampokea hata mtu ambaye hapati usingizi tangu mkewe afariki?"

"Anampokea. Nikimaliza sikio hili nafunga, twende wote."

Hilario alifumba macho, akatulia. Fidencio aliinama, akanyoa polepole kuzunguka sikio. Kila unywele aliuona.