Akaunti Isiyo na Mwenyewe

Godoro jipya, likiwa bado ndani ya nailoni yake, halibonyei. Hili lilikuwa limebonyea. Kichwa, mgongo, makalio, visigino, vyote vimejichora, kana kwamba bwana mmoja mzito alijipumzisha hapo akaondoka bila kuaga.

"Shem, weka mkono," mtunza stoo alinong'ona. Wote dukani walimwita Kipara, maana nywele zilishamkimbia zikamwachia nyusi tu. "Lina joto."

Mhasibu wa duka, mke wa kaka yake, akaweka mkono. Joto la ubavu wa mtu.

"Umelala kazini, shemeji, sasa unatafuta shahidi," akamtania.

Kipara hakucheka. Na Kipara hucheka hata akikatwa mshahara.

Mhasibu akarudi ofisini kwenye leja. Wiki iliyopita hesabu zilikataa kulingana, naye akafanya wafanyavyo wahasibu waliochoka: akachora T kubwa ukurasani, juu yake akaandika "Akaunti ya Muda", akaitupia humo tofauti yote hadi mwenyewe apatikane. Kushoto anayepokea, kulia anayetoa. Sasa kushoto palikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko usio wake: *Godoro moja. Nimepokea.*

Kulia patupu. Na mhasibu, mtu asiyeweza kuacha ingizo lisimame kwa mguu mmoja, akajaza bila kufikiri: *Stoo.*

Ndivyo alivyomkaribisha mwenye mwandiko ule.

Mchana ofisi ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Ndani ya droo alimoifungia leja, kalamu ikakwaruza karatasi taratibu, kama mtoto anayejifunza kuandika. Akafungua. *Pumzi. Nimepokea.*

Safari hii hakujaza. Aliifunga leja, akaiweka kitini, akaikalia. Chini yake mkwaruzo ukaendelea.

Kishindo kikasikika stoo. Akaichomoa leja, akaifunua. Kulia pameandikwa: *Kipara.*

Akakimbia na leja kifuani, na alipoufungua mlango akaona nailoni ya lile godoro ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, bila mtu ndani yake, na chini sakafuni shemeji yake akitapatapa, midomo imegeuka rangi ya wino, mikono ikiikamata hewa isiyokamatika.

"Shem... nirudishie..."

Dawa aliijua: ingizo la kugeuza. Kipara apokee, Akaunti ya Muda itoe. Akaandika. Wino ukafutika kabla mstari haujaisha. Akaandika tena, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, na wino ukafutika tena, na kutoka ndani ya nailoni sauti yenye unyevu ikamwambia polepole, "Mimi huwa sitoi. Tafuta mwingine."

Jina la kwanza kumjia, Mungu amsamehe, lilikuwa la Bosi, ambaye wakati huo alikuwa nje akimfokea mteja kwa pumzi za kumtosha yeye na ukoo mzima, na tayari kalamu ilishaandika herufi moja, ndipo akakumbuka kwamba Bosi naye kuna wanaomwita baba. Akaikata herufi ile. Akaandika jina lake mwenyewe.

Kipara akavuta hewa kwa mlio, akakohoa, akakaa.

"Shem! Mimi nilishakwenda! Shem?"

Mhasibu alikuwa amesimama wima, macho wazi, kifua kimetulia kama ukuta. Kipara akainuka, akasogeza sikio karibu na pua yake. Akasikiliza.

"Shemeji," akanong'ona, "mbona hupumui?"

Midomo ya mhasibu haikutikisika. Nyuma yao, ndani ya nailoni, sauti yake ikajibu:

"Nipo huku, shemeji."