Kipimo na Chaki ya Nguo

Mwanamke mmoja, fundi wa cherehani, aliitwa Kipimo. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu hakuwa mtu wa kukata kitambaa kabla ya kupima mara mbili. Ukimwambia kiuno chako ni inchi thelathini, anatabasamu, anachukua futi yake na kupima mwenyewe. Mara nyingi unakuta wewe ndiye uliyejidanganya.

Kibanda chake kilikuwa na cherehani moja, kioo kirefu na benchi la wateja. Pembeni alikaa mama mkwe wake, akishona vifungo na kukunja mapindo. Ukutani zilitundikwa karatasi za kaki, zile anazochorea nguo kabla ya kukata.

Kipimo alikuwa amesubiri mtoto kwa miaka sita. Mimba ilipoanza kuonekana, benchi lile likageuka baraza. Mwenye gauni la harusi alisema mayai humfanya mtoto azaliwe kipara. Mwenye sare za shule alikataza maharage, kwamba mtoto atajaa gesi. Mwingine alikataza samaki, kwamba mtoto atatokwa na udenda maisha yake yote. Papai nalo likapigwa marufuku, bichi na bivu kwa pamoja.

Kipimo alichukua karatasi ya kaki, akaandika juu yake "Vya kuacha", akaitundika karibu na cherehani. Kila katazo jipya aliliongeza chini. Mtu huyu asiyeamini hata kiuno chako, aliyaamini yote hayo. Aliogopa sana kumpoteza mtoto wake, na mwenye hofu haulizi maswali mengi.

Mama mkwe alisimamia katazo la mayai kwa mkono wa chuma. Yai la Kipimo lilihamia kwenye sahani ya mumewe, fundi bomba, ambaye hakulalamika hata kidogo. Yeye akaanza kuota kitambi, wakati mkewe anazidi kukonda. Kufikia mwezi wa tano wa mimba, Kipimo alikuwa anaishi kwa chai, mkate na wali mtupu.

Hapo ndipo chaki ilipoingia. Kipimo alikuwa na tabia ya kuibana midomoni ile chaki ya kuchorea nguo, mikono yote miwili ikiwa kazini. Siku moja aliimung'unya kidogo. Ikamkaa vizuri mdomoni, kama harufu ya vumbi la mvua ya kwanza. Kesho yake akaimung'unya tena. Baada ya wiki mbili alikuwa anamaliza kipande kizima kwa siku. Alijiuliza kama ni vibaya, akaikagua karatasi yake kuanzia juu mpaka chini. Chaki haikuwemo. Basi akaendelea.

Asubuhi moja alikata mkono wa gauni la mteja, ukatoka mfupi kuliko mwenzake. Hakuwa amewahi kufanya kosa hilo tangu ashike mkasi. Aliposimama kutafuta kitambaa kingine, kibanda kilimzunguka, akashika cherehani asianguke.

"Twende kliniki," mama mkwe alisema, tayari amesimama. "Na hiyo karatasi yako ichukue. Watuambie tumesahau kukataza nini."

Mkunga aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alivuta chini kope za Kipimo, akatazama ndani. Akamtoboa kidole, akapima damu. Mashine ikasoma tisa.

"Mjamzito tunataka asipungue kumi na moja," alisema. "Damu yako ni ndogo, mama. Ukifika siku ya kujifungua hivi, ukitokwa na damu kidogo tu, inakuwa hatari kwako. Na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo."

Kipimo alihisi machozi yakimlenga. Alikunjua karatasi ya kaki mezani, akasema amejitahidi kweli, hakuna hata kimoja alichokigusa. Mkunga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliisoma karatasi yote bila haraka, na uso wake ulionyesha anataka kujua zaidi.

"Hiki cha maharage, aliyekuambia aliona nini?"

"Sijui. Sikumuuliza."

"Na samaki?"

"Sikumuuliza pia."

Mkunga aliiweka karatasi kando. Kisha akamtazama mdomoni, ambako palikuwa na weupe mwembamba.

"Kuna kitu unakula ambacho si chakula?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Udongo, majivu, chochote. Sikugombezi. Nataka kujua tu."

Kipimo aliinamisha kichwa. Akaeleza habari ya chaki, huku mama mkwe amebaki mdomo wazi. Mkunga hakucheka. Alieleza kwamba wajawazito wengi hupata hamu kama hiyo, na mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Lakini chaki haiongezi damu. Inaweza kuwa na uchafu au sumu, inafunga choo, na inajaza tumbo ambalo lingepokea chakula.

"Sasa nile nini?" Kipimo aliuliza.

Mkunga aliigeuza karatasi upande wa pili, usio na maandishi, akaanza kuandika. Alisema chakula kingi cha kila siku ni salama kwa mjamzito. Hatari mara nyingi iko katika namna kilivyoandaliwa.

"Yai ni zuri sana, ila liive mpaka kiini kigande. Nyama iive mpaka ndani isibaki nyekundu. Maziwa yachemshwe. Matunda na mboga za kula mbichi, osha kwa maji safi. Kiporo kipashe mpaka kitoe moshi, na kikishalala nje usiku kucha, kitupe."

Maharage na mboga za majani aliviweka juu kabisa, kwa sababu husaidia kuongeza damu. Dagaa na samaki wadogo pia. Wale wakubwa mno, kama papa, waachwe, kwani hukusanya zebaki mwilini, na hiyo ni sumu kwa mtoto. Papai bivu lilirudishwa kundini, bichi likabaki nje. Maini yasiwe chakula cha kila siku, maana yana vitamini A nyingi, na ikizidi humdhuru mtoto. Pombe, hata tone moja, hapana. Alimpa na vidonge vya kuongeza damu, akamwonya asivinywe kwa chai. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula, kwa sababu inauzuia mwili kuchukua madini ya damu.

 Mwishowe mama mkwe alikohoa.

"Mimi mayai nilikatazwa na mama mkwe wangu," alisema. "Nilibeba mimba nne sijaonja hata yai moja. Na sikuuliza kwa nini." Akafikiri. "Sasa nikikumbuka, baba mkwe alikuwa anapenda mayai kweli kweli."

Mkunga alicheka mpaka miwani ikateleza. Kipimo naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Tangu siku ile yai lilirudi kwenye sahani yake, na mumewe akaambiwa avumilie. Mama mkwe alifungia chaki zote kabatini, akampa kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea nguo.

"Hii ukiila, utatoa povu mbele ya wateja," alimwambia.

Hamu haikuisha siku moja. Kuna mchana Kipimo alilizunguka lile kabati mara tatu. Lakini aliendelea na vidonge na chakula, na wiki zilivyopita hamu ikafifia. Benchi nalo halikuacha kusema. Tofauti ni kwamba sasa mteja akikataza kitu, Kipimo anamuuliza aliona nini, kisha swali analipeleka kliniki. Mwezi wa nane damu ilisoma kumi na moja na nusu. Mkunga aliiandika kwenye kadi, akapiga mstari chini yake.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye kilo tatu na ushee. Mama mkwe, kabla hata ya kumbusu, alimvua kofia kuangalia kichwa. Nywele zilikuwa tele.

Nguo ya kwanza ya mtoto Kipimo aliishona mwenyewe. Alipokosa karatasi ya kuchorea, aliishusha ile ya "Vya kuacha", iliyokuwa imerudi ukutani, akampima mtoto mara mbili, akaikata. Kigauni kilimkaa sawasawa. Karatasi ya kigauni hicho bado imetundikwa kibandani, ndogo kama kiganja, na kifuani ukitazama vizuri unasoma neno moja lililobaki: mayai.