Mtungi Usiowekwa Chini

Jikoni kwa Eulogia, kando ya jiko la udongo, palikuwa na duara la unyevu lisilokauka. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao huko Sillapata, kijiji cha mlimani, hata mate hukauka kabla hayajafika chini. Akafagia, akamwaga majivu, akatandika ngozi ya kondoo juu yake. Kesho yake duara lilikuwa limepanuka, na lilinuka tope na jiwe baridi.

Alijua limetoka wapi, na kujua kwenyewe ndiko kulikomnyima raha.

Wiki mbili nyuma, kampuni ya soda ilitangaza kwamba itawarudishia watu wa mlimani maji. Kampuni hiyohiyo, jamani, iliyochimba kisima bondeni mpaka chemchemi ya kijiji ikafa. Inginia wao, Ludeña, alikuwa amesikia kwamba watu wa huko hupanda maji: huyachota kwenye ziwa mama, huyabeba kwa mtungi, huyazika mahali pakavu, na baada ya muda chemchemi huota. Akaipenda habari hiyo. Akapanda mwenyewe hadi Ziwa Warmikocha pamoja na mpiga picha, akamwaga pombe ya mahindi ukingoni, akamwita mwenye ziwa, roho wa maji yale, kwa jina lake: njoo, mahali pako pako tayari. Mtungi akapewa Eulogia, kwa kuwa mama yake na bibi yake walikuwa wabebaji. Mbebaji ana miiko miwili tu. Huweki mtungi chini njiani, na ukishapanda maji hugeuki nyuma.

Wakiwa njiani simu ya inginia ikalia. Wageni kutoka Lima wamechelewa, sherehe mpaka Ijumaa.

"Nenda nao kwako, mama. Uweke hata jikoni."

"Inginia, mtungi huu hauwekwi chini."

"Weka chini, mama. Ni maji tu."

Naye akaweka. Tusimlaumu sana, alikuwa ameahidiwa bomba uani, na siku tatu na mtungi mikononi nani ataziweza? Ijumaa walipokuja kuuchukua, mtungi ulikuwa mkavu, na nta ya kifuniko haijaguswa. Ludeña hakujali. Akaujaza maji ya chupa ya kampuni, ukazikwa, wageni wakapiga makofi, na kibao kikasimikwa: MAJI YAMERUDI.

Waliotangulia ni simbilisi, wale wanyama wadogo wa kitoweo wanaofugwa jikoni. Aliwakuta saba wamekufa, manyoya yametota, matumbo yamevimba maji. Kisha ikawa zamu ya Nayda, binti yake wa miaka sita, mtoto pekee aliyembakia.

Adhuhuri moja ya ukungu alimkuta amelala kifudifudi, sikio sakafuni.

"Unafanya nini hapo, mwanangu?"

"Namsikiliza mama wa chini."

"Anasemaje?"

"Anasema aliitwa. Anauliza mahali pake pako wapi." Mtoto akakohoa. "Anasema kama hapana, atakaa ndani yangu."

Akakohoa tena, na Eulogia, aliyekuwa amemshika mabega na kuhisi yalivyo baridi kama jiwe la mtoni, akaona uzi wa kijani ukitoka kinywani mwa mwanawe, akauvuta, ukaja, akauvuta tena, ukazidi kuja, mwani mrefu wenye utelezi ambao hauoti popote ila kwenye kilindi cha Warmikocha, na chini ya magoti yao, chini kabisa ya sakafu, kitu kikamiminika kikicheka.

Akamwita mama mkubwa Fortunata, mganga asiye na subira na mtu. Yeye akatandaza majani ya koka ya kupigia ramli, akayatazama mara moja, akayakusanya haraka.

"Huyu hafukuziki," alinong'ona. "Mgeni aliyealikwa humtoi kwa fimbo. Chukua mtungi wa bibi yako, mtoto achote tope hili kwa mkono wake mwenyewe, ujaze. Umpeleke mgeni penye kibao, alipoahidiwa, alale kwa amani."

"Na nikiuweka pengine?"

Fortunata akayafunga majani yake kitambaani. "Anaota popote unapomweka. Ila akiwekwa penye mtu, atamwingia mtu. Sijakwambia kitu mimi."

Mtungi ulikuwa mzito, na ndani yake kitu kiligonga kwa kidole, taratibu. Kwenye njia panda Eulogia akasimama. Kulia ni kibao, kushoto ni kiwanda cha soda. Akaikumbuka midomo ya Nayda ilivyokuwa ya samawati, akakumbuka makofi ya wale wageni, na hasira ikamjaa mpaka mikono ikaacha kuchoka. Akashika njia ya kushoto.

Ofisini kwa Ludeña palitundikwa picha yake mwenyewe akiwa ziwani, mikono juu.

"Mama Eulogia. Umeniletea zawadi?"

"Nimekuletea maji yako, inginia."

"Utavunjika mgongo. Weka chini."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

"Nisije nikawa sikusikia vizuri. Niweke?"

Inginia akacheka, macho kwenye simu. "Weka chini, mama. Ni maji tu."

Akaweka, miguuni pa inginia hasa. Kisha akatoka, na hakugeuka. Hakugeuka aliposikia kikohozi cha kwanza, wala cha pili, wala kiti kilipoanguka. Alikuwa amefika getini sauti ilipomfikia, sauti ya mwanamume mzima iliyokuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Mama, nina kiu."

Mlinzi akageuka kutazama. Eulogia akaendelea na safari yake.

Nyumbani sakafu ilikuwa imekauka, na Nayda alikuwa anakula supu ya viazi, rangi imemrudia mashavuni.

"Mama wa chini ameondoka," alisema mtoto. "Amesema mahali ulipompa ni padogo. Lakini atapapanua."

Eulogia akamwongezea supu.