Midomo ya Filamu Bubu

Rafiki yangu, mhifadhi wa filamu za zamani, hasimulii kisa hiki taa zikiwa zimezimwa. Alikabidhiwa filamu bubu iliyopotelewa na maandishi yake yote, na bila maneno isingeonyeshwa. Mwongozaji wake alipenda kusogeza kamera hadi uso mmoja ujaze skrini. Basi rafiki yangu akamleta mama yake, kiziwi tangu utotoni, asome midomo.

Alasiri ile walifunga madirisha. Giza likatanda, projekta ikaanza kutatarika.

"Anamsuta mumewe," mama akasema. "Lo! Mwanamke huyu ana ulimi, ningemwoza mjomba wako!"

Binti akaandika huku akicheka.

Kisha mwigizaji yule akaitazama kamera, akafumbua kinywa, akakiacha wazi.

"Mwambie anyamaze," mama akasema.

Binti akadhani ni mzaha mwingine.

"Mwanangu, nakuomba, mwambie anyamaze!"

Binti akazima projekta mbio. Mtatariko ukakoma, skrini ikawa nyeusi, chumba kikatulia hata akasikia pumzi zake mwenyewe. Akapapasa, akawasha taa.

Mama, ambaye hajasikia hata radi tangu ana miaka sita, alikuwa bado ameziba masikio kwa viganja viwili.